Maboya Yanasema Nini? Alama za Baharini Ambazo Kila Nyumba ya Pwani Yafaa Izijue

Katika Surat An-Nahl, baada ya kututajia neema ya bahari na vyombo vinavyoikata, kisha milima, mito na njia, Mwenyezi Mungu (s.w.t.) anataja katika aya ya 16 mambo mawili ambayo kwayo wanadamu huongoka safarini: alama na nyota. Neno la Kiarabu lililotumika hapo ni alamat, na ndilo hilo hilo lililoingia katika Kiswahili chetu tunaposema alama. Habari za nyota zimesimuliwa sana katika barza zetu. Habari za alama zimesimuliwa kidogo, hasa zile alama za chuma na plastiki zinazoelea mbele ya macho yetu kila tunapovuka, nazo ni maboya.

Ndugu zetu wa Faza, Kizingitini, Siyu na Pate hawana njia ya kufika Lamu ila kwa maji. Watu wa Wasini na Mkwiro huvuka kwenda Shimoni kutafuta soko, shule na matibabu. Mama mja mzito akishikwa na uchungu usiku, mashua ndiyo gari lake. Katika safari hizi zote wamo wanawake na watoto, na aghalabu wao ndio wasiofunzwa kuzisoma alama, kwa kuwa elimu ya bahari imehesabiwa tangu zamani kuwa ni ya wanaume na mabaharia. Lakini chombo kikipanda mwamba, mwamba hauulizi nani alikuwa baharia na nani alikuwa abiria.

Kwa hiyo tumeona vyema juma hili tuieleze lugha ya maboya kwa namna ambayo mama ataweza kuwafunza wanawe sebuleni. Si elimu ngumu. Ina rangi chache, maumbo machache, na hesabu isiyozidi tisa.

Alama za wazee wetu

Bahari yetu haikuanza kuwa na alama siku yalipoletwa maboya. Katika karne ya 15, bingwa wa ubaharia Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika nchi ambayo leo ni Ras al-Khaimah, aliandika kitabu chake mashuhuri, Kitab al-Fawaid, kuwafunza marubani wa Bahari ya Hindi. Humo hakutosheka na nyota. Alisisitiza pia dalili za kukaribia nchi: sura ya milima, ndege, majani ya baharini, kina cha maji na tope linalopandishwa na bildi kutoka chini. Alitunga vile vile utenzi wa Kiarabu juu ya njia ya Sofala, yaani njia inayopita katika pwani hii yetu ya Afrika ya Mashariki.

Wavuvi wetu wana elimu ya jamii hiyo hiyo. Mvuvi hulinganisha mnazi mrefu ulio ufuoni na mnara wa msikiti ulio nyuma yake. Viwili hivyo vikisimama mstari mmoja, ajua kwamba yuko juu ya mlango. Vikitengana, ajua kuwa mkondo umemsukuma. Mnara wa msikiti wa Ijumaa wa Shela, uliojengwa mwaka 1829, umekuwa ukiwaita waumini kwenye sala na papo hapo ukiwaonyesha mabaharia mahali pa kuingilia Lamu.

Bandari za kisasa hutumia hekima hiyo hiyo. Huwekwa nchi kavu nguzo mbili zenye taa, ya mbele ikiwa fupi na ya nyuma ikiwa ndefu. Rubani akiziona zimepangana moja juu ya nyingine, ajua kuwa chombo chake kiko katikati ya njia. Kilichoongezwa na maboya ni kuileta alama hadi majini, karibu na hatari yenyewe.

Na hatari ipo. Jina la Kilindini latuambia kwamba hapo ni penye kilindi, lakini nje ya kilindi hicho ipo miamba miwili mikubwa: upande wa kaskazini uko mwamba unaoitwa Leven, na upande wa kusini uko mwamba unaoitwa Andromache. Leven ni jina la manowari ya Kiingereza iliyotia nanga Mombasa mwaka 1824 ikiongozwa na nahodha William Owen. Maji yakijaa, mgeni hawezi kukisia kwa macho mahali kilindi kinapokoma na mwamba unapoanza. Bila alama, meli ya shehena yenye urefu wa mita mia mbili na zaidi haiwezi kuthubutu kupita hapo.

Maafa yaliyoufanya ulimwengu ukubaliane

Alama ni maneno, na maneno hayana faida ikiwa msemaji na msikilizaji hawana lugha moja. Ulimwengu ulilijua hilo kwa gharama ya roho za watu.

Tarehe 11 Januari 1971, katika mlangobahari wa Dover baina ya Uingereza na Ufaransa, meli ya mafuta iitwayo Texaco Caribbean iligongana na meli ya mizigo iitwayo Paracas, ikalipuka na kuzama. Siku ya pili yake, meli ya Kijerumani Brandenburg ikapita hapo, ikayagonga mabaki hayo, nayo ikazama. Mahali hapo pakawekewa maboya na meli ya taa ya kuonya. Hata hivyo, tarehe 27 Februari, meli ya Kigiriki Niki ikaingia pale pale palipokwisha kutiwa alama, ikazama na watu wake wote 22. Jumla ya watu 51 walipoteza maisha katika mikasa hiyo mitatu.

Wakati huo palikuwa na taratibu zaidi ya 30 za kuweka maboya ulimwenguni, na baadhi yake zilipingana: rangi iliyomwambia baharia katika bandari moja apite kulia, katika bandari nyingine ilimwambia apite kushoto. Baada ya maafa ya Dover, shirika la kimataifa la wasimamizi wa minara ya taa, linalojulikana kwa jina la IALA, lilishughulikia kuziunganisha taratibu hizo. Mwezi wa Novemba mwaka 1980, wajumbe wa nchi 50 walikutana Tokyo wakakubaliana juu ya utaratibu mmoja wenye maeneo mawili. Eneo A ni la Ulaya, Afrika, Australia na sehemu kubwa ya Asia, na Kenya imo humo. Eneo B ni la bara lote la Amerika pamoja na Japani, Korea na Ufilipino. Tofauti ya maeneo haya mawili ni moja tu, nayo tutaieleza hivi punde.

Pipa jekundu na kawa ya kijani

Aina ya kwanza ya alama ni zile zinazoonyesha kingo mbili za njia. Katika eneo letu, chombo kinachotoka baharini kikiingia bandarini huliacha boya jekundu upande wake wa kushoto, na boya la kijani upande wake wa kulia. Katikati ya mawili hayo ndipo penye maji ya kutosha.

Rangi peke yake haikutosha, kwa sababu jua likiwa nyuma ya boya, kila kitu huonekana cheusi. Tena wako watu, wanaume zaidi kuliko wanawake, ambao macho yao hayapambanui nyekundu na kijani. Ndiyo maana yakaongezwa maumbo. Boya jekundu lina umbo la pipa, ama lenyewe ama kile kitu kidogo kinachowekwa juu yake. Boya la kijani lina umbo la kawa, ile kawa ya ukindu tunayofunikia sinia la chakula, ncha yake ikiwa juu. Usiku, boya jekundu huwaka taa nyekundu na boya la kijani huwaka taa ya kijani.

Kuna njia nyepesi ya kukumbuka. Kila meli yenyewe hubeba taa nyekundu ubavuni kushoto na taa ya kijani ubavuni kulia. Basi katika eneo letu, meli inapoingia bandarini, nyekundu hukabiliana na nyekundu, na kijani hukabiliana na kijani.

Inapotoka, mambo hugeuka: boya jekundu litakuwa kulia na la kijani kushoto. Watoto wengi hukwama hapa, na ni vyema waelezwe polepole. Boya halikusogea wala halikubadili kauli. Ni msafiri aliyegeuka. Kwa hiyo hata mwenye kulijua boya hana budi kwanza ajijue mwenyewe anatoka wapi na anakwenda wapi.

Ile tofauti moja tuliyoitaja ndiyo hii: katika Eneo B rangi hizi mbili hubadilishana. Mwenye kuingia bandari ya Marekani huliacha jekundu kulia kwake. Vijana wetu wanaopata ajira melini hufunzwa jambo hili mapema, na mama aliye na mwana baharia sasa ataelewa kwa nini mwanawe hulazimika kujua yuko upande gani wa dunia kabla ya kuliamini boya.

Alama za pande nne

Aina ya pili haitegemei unakokwenda. Yategemea dira tu, na sisi watu wa Mombasa tuna bahati ya kuielewa upesi, kwa sababu Makka iko karibu sawasawa kaskazini mwetu. Ukiijua kibla ya msikiti wako, umeijua kaskazini. Mashariki iko kuliani mwako, magharibi kushotoni, na kusini nyuma yako.

Alama hizi huwekwa karibu na hatari, kwa mfano mwamba au fungu la mchanga, na kila moja ina jina la upande ambao maji salama yapo. Boya la kaskazini lina maana kwamba pita kaskazini yangu, hatari iko kusini. Boya la mashariki lina maana kwamba pita mashariki yangu. Ni hivyo hivyo kwa kusini na magharibi. Yote manne yana rangi mbili tu, nyeusi na njano, na kila moja lina kawa mbili nyeusi juu yake, zilizopangwa moja juu ya nyingine.

Kaskazini, kawa zote mbili zina ncha juu. Kusini, zote mbili zina ncha chini. Mashariki, zimegusana kwa vitako vyao, ncha moja juu na moja chini, nazo kwa pamoja hufanya umbo la kipande cha kashata. Magharibi, zimegusana kwa ncha zao, zikawa pana juu na chini na nyembamba kiunoni, mfano wa chetezo cha kufukizia ubani. Mtoto aliyewahi kula kashata na kunusa ubani hatazisahau: mashariki kashata, magharibi chetezo.

Rangi nazo hufuata kawa. Ncha za kawa huelekea palipo na weusi. Boya la kaskazini ni jeusi juu na njano chini. La kusini ni jeusi chini na njano juu. La mashariki ni jeusi juu na chini, na njano katikati. La magharibi ni njano juu na chini, na jeusi katikati. Aliyeona kawa hana haja ya kuikariri rangi, na aliyeona rangi peke yake aweza kuikumbuka kawa.

Nne nyingine

Zimesalia alama nne, kila moja ikiwa na neno lake.

Ya kwanza ni nyeusi yenye mkanda mwekundu, na juu yake tufe mbili nyeusi. Hii yasema kwamba hatari iko hapa hapa chini yangu, nayo ni ndogo, imezungukwa pande zote na maji salama. Unaweza kupita upande wowote, ila usinikaribie.

Ya pili ina michirizi myekundu na myeupe inayoshuka kutoka juu hadi chini, na juu yake tufe moja jekundu. Hii ni bishara njema: maji yaliyonizunguka ni salama. Aghalabu huwekwa nje kabisa, mahali meli inapoukaribia mlango wa bandari, au katikati ya njia pana.

Ya tatu ni ya njano tupu, na juu yake kijiti cha njano chenye umbo la alama ya kuzidisha tunayoijua katika hesabu. Hii haihusu sana njia. Hueleza jambo maalumu, kama vile mpaka wa eneo lililotengwa, bomba au waya uliopita chini ya bahari, au vyombo vya kupimia hali ya hewa.

Ya nne ndiyo changa kuliko zote. Ina michirizi ya buluu na njano inayoshuka, na juu yake umbo la njano la alama ya kujumlisha. Hii yasema kwamba chombo kimezama hapa karibuni, na huenda hata ramani haijakitaja. Ilibuniwa baada ya mkasa uliofanana mno na ule wa 1971. Tarehe 14 Desemba 2002, meli iitwayo Tricolor, iliyobeba karibu magari 3,000, iligongana na meli Kariba katika njia ya bahari hiyo hiyo baina ya Uingereza na Ufaransa, ikazama. Siku mbili baadaye meli Nicola ikayagonga mabaki yake, na tarehe 1 Januari 2003 meli ya mafuta Vicky ikayagonga tena, ingawa walinzi na maboya yalikwisha kuwekwa. Mara hii, alhamdulillahi, hakuna aliyekufa.

Mikasa hii miwili yafaa kuzingatiwa na kila mzazi. Alama ilikuwapo na waliopita waliipita vilevile. Kuweka alama ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko kwa mwenye macho: alijifunza kabla ya haja, au alingoja haja imfike?

Usiku, na hesabu ya miali

Giza likiingia, maboya huzungumza kwa taa. Boya la hatari lenye tufe mbili huwaka mara mbili mbili kwa taa nyeupe: tufe mbili, miali miwili. Boya maalumu huwaka njano. Boya la chombo kilichozama huwaka buluu na njano kwa kupokezana. Boya la maji salama huwaka nyeupe kwa utulivu, bila ya haraka.

Maboya ya pande nne yote huwaka nyeupe kwa miali ya upesi, na hupambanuliwa kwa hesabu. Mashariki ni miali 3 kisha kimya. Kusini ni 6, kisha mmoja mrefu, kisha kimya. Magharibi ni 9 kisha kimya. Kaskazini ni miali isiyokoma.

Hesabu hii imetolewa katika uso wa saa ya ukutani. Mwelekeze mtoto achore saa, aigeuze tarakimu ya 12 ielekee kibla. Ataona kuwa 3 iko mashariki, 6 iko kusini, 9 iko magharibi, na 12 iko kaskazini. Lakini tahadhari moja ni ya lazima kwetu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Hapa tunazungumzia tarakimu zilizochapwa katika saa, wala si saa tunazozitaja. Tunaposema saa tatu asubuhi, mshale huwa kwenye tarakimu ya 9, na mwenye kuchanganya mambo haya mawili atauita magharibi mashariki. Kwa bahari, kosa kama hilo ni kuelekeza omo ya chombo kwenye mwamba.

Maji, mwezi na boya

Boya hufungwa kwa mnyororo kwenye zege zito lililolala chini ya bahari. Maji yakijaa na kupwa, boya huzunguka kidogo. Dhoruba kubwa ikipiga, au meli ikiligonga, laweza kukokotwa likatoka mahali pake, au taa yake ikazimika. Kwa sababu hiyo nahodha mwenye busara haliamini boya moja peke yake. Hulilinganisha na dira, na ramani, na kina cha maji, na zile alama za nchi kavu alizorithi kwa wazee.

Tena boya halisemi maji ni kiasi gani saa hii. Hapa Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Mlango wa Mkanda, unaotumiwa na vyombo vinavyotoka Lamu kwenda Pate, ni mwembamba na wa maji machache, na vyombo husubiri maji yajae ndipo vipite. Kalenda yetu ya Hijria hutusaidia hapa: bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, au siku moja mbili baadaye, na maji mafu huja mwezi unapofika nusu. Mama anayejua leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu anajua jambo la maana kuhusu bahari ya leo.

Lipo jambo jingine la kuzingatiwa kabla ya kumshuku nahodha. Maboya ya bandari huwekwa kwa ajili ya meli kubwa zenye kuhitaji kina kirefu. Sheria za kimataifa za kuzuia migongano zavitaka vyombo vya chini ya mita 20, na vya tanga, visiizuie meli ambayo haiwezi kupita ila ndani ya mlango mwembamba. Kwa hiyo mashua ndogo yaweza kupita nje ya boya kwa makusudi mema, kwa kuwa maji ya hapo yaitosha yenyewe ingawa hayaitoshi meli. Ila alama ya hatari ni ya wote, wakubwa kwa wadogo. Abiria akiona chombo chaielekea, si utovu wa adabu kusema, "Samahani, nahodha, boya lile lenye tufe mbili umeliona?" Nahodha mwungwana hatakasirika. Macho kumi ndani ya chombo ni bora kuliko mawili.

Amana ya wasiojuana

Tumefika kwenye jambo ambalo limetusukuma kuandika. Boya ni ahadi baina ya watu wasiojuana. Aliyeliweka hamjui atakayelipita, na atakayelipita hamjui aliyeliweka, bali amemkabidhi roho yake. Katika dini yetu hiyo ni amana kamili.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kwamba kuondoa njiani kinachodhuru watu ni katika matawi ya imani. Bahari nayo ni njia. Ikiwa kuondoa mwiba ni imani, basi kuondoa onyo lililowekwa kuwalinda watu na mwiba ni kinyume chake. Katika bandari nyingi duniani betri na paneli za jua za maboya huibiwa, zikatumiwa kuwasha taa ya nyumba au kuchaji simu. Nuru hiyo inayoingia nyumbani ni nuru iliyotolewa machoni mwa nahodha wa usiku. Mke anayeletewa kitu kama hicho ana haki, tena ana wajibu, wa kuuliza kimetoka wapi.

Yako makosa madogo ambayo hufanywa bila ya nia mbaya. Kufunga mashua kwenye boya ili kuvua hapo hulivuta lisikae sawa, humfichia mwenzio alama, na huwaweka wavuvi wenyewe katika njia ya meli. Kutega nyavu au madema katikati ya mlango na kuyaelezea kwa madumu ya plastiki ya rangi yoyote huwachanganya wasafiri, hasa usiku. Watoto kurusha mawe kwenye taa za gatini ni mchezo ambao mzazi hana budi aukataze siku ya kwanza anapouona.

Na mwenye kuona boya limezimika, limehama au limevunjika asinyamaze akasema si kazi yake. Amwarifu msimamizi wa gati, au wavuvi wa kikundi cha ufuo, au ofisi ya Halmashauri ya Bandari iliyo karibu. Katika redio za baharini, mkondo wa 16 ndio wa dharura na wa kuitana, nao husikilizwa na vyombo vyote vyenye redio hizo.

Somo la nyumbani

Familia za Mombasa zinazokwenda Mama Ngina baada ya Alasiri kunywa madafu na kula mihogo, meli zikipita karibu kuingia Kilindini, zina darasa lisilolipiwa. Mwulizeni mtoto: meli ile yaingia au yatoka? Boya lile jekundu liko upande gani wake? Kwa nini? Walio Lamu na wafanye hivyo gatini, na walio Shimoni wafanye wanapovuka. Nyumbani, karatasi moja na kalamu za rangi tano zatosha: nyekundu, kijani, njano, nyeusi na buluu. Mchoro huo ubandikwe ukutani kando ya saa. Wasichana wafunzwe sawa na wavulana, maana wao pia watapanda mashua, nao pia watakuwa mama wa mabaharia.

Tunapopanda chombo tusome dua ya safari kama tulivyofunzwa, na tumtegemee Mola wetu. Kisha tufumbue macho. Yule bedui aliyemfikia Mtume (s.a.w.) akiuliza habari za ngamia wake aliamrishwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Kwetu sisi watu wa maji, kumfunga ngamia ni pamoja na kulijua boya.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa bahari na bara, awarehemu waliozama, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozitambua alama zake na kuzitunza. Amin. Wabillahi tawfiq.